Kazi ya Wengi, Jina la Nani?

Wahenga walituachia methali nyingi za kusifu umoja katika kazi, nasi walimu wa Kiswahili twazifundisha kila mwaka: kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na kwamba mkono mmoja haulei mwana. Methali hizo zatuonya tusifanye kazi kila mtu peke yake. Lakini zanyamaza juu ya jambo lifuatalo baada ya kazi kwisha. Chawa akisha kuvunjwa, nani atasemwa kuwa ndiye aliyemvunja? Ni vidole vyote viwili kwa usawa, ama ni kile kilichotangulia kumkamata? Na kile kiganja kilichovibeba vidole hivyo, je, nacho kitatajwa?

Yamkini msomaji ataliona swali hili kuwa la mzaha. Sivyo hata kidogo. Katika ulimwengu wa elimu, jina lililoandikwa juu ya kazi humpatia mtu nafasi ya masomo, ajira, na heshima; na jina lililoachwa huweza kumfungia milango hiyo maisha yake yote. Kwa hiyo twauliza: watu wengi wakitenda kazi moja, je, haki yadai kwamba sehemu ya kila mmoja itajwe? Au kutaja huko ni kuuvunja umoja uleule ulioiwezesha kazi kutendeka?

Tumeona vema kulichunguza swali hili kwa mfano ulio mbali kidogo na darasa la lugha, nao ni mfano wa vijana wanaojifunza elimu iitwayo bayolojia sintetiki. Kazi yao haiwezi kutendwa na mtu mmoja. Tena wamewekewa kanuni ya wazi inayowalazimisha kusema nani alitenda nini, na ndani ya kanuni hiyo mna mafunzo kwetu sote.

Kazi yenyewe

Bayolojia sintetiki ni elimu ya kuunda upya baadhi ya shughuli za viumbe hai. Mtaalamu huchukua vipande vya DNA, yaani ule uzi mwembamba unaobeba maagizo ya uhai, akaviunganisha kwa mpango mpya kama fundi aunganishavyo vyuma. Kisha huviingiza ndani ya kiumbe kidogo, aghalabu bakteria au hamira, ili kiumbe hicho kitende kazi ambacho hapo kwanza hakikuwa kikiitenda.

Mwezi wa Januari 2003, chuo kikuu cha MIT huko Marekani kilianzisha somo fupi la elimu hii kwa wanafunzi wake. Mwaka 2004 somo hilo likageuka kuwa shindano la timu 5 za vyuo. Mwaka 2005 timu zikawa 13, baadhi yake zikitoka nje ya Marekani. Shindano hilo huitwa iGEM. Tangu mwaka 2012 lasimamiwa na shirika lake lenyewe, na siku hizi hukusanya timu zaidi ya 300 kwa mwaka, za wanafunzi wa vyuo na hata wa shule za sekondari. Mwaka 2022 mkutano wake mkuu ulihamia mjini Paris.

Ili tuone kazi hiyo ni ya namna gani, tuitazame timu ya Chuo Kikuu cha Edinburgh ya mwaka 2006. Vijana wale walikusudia kuunda bakteria wa kupima sumu ya aseniki katika maji ya kunywa, sumu iliyowadhuru watu wengi mno wanaotegemea visima huko Bangladesh. Bakteria hao, wakikutana na aseniki, walitakiwa kubadili kiasi cha asidi katika maji, na badiliko hilo huweza kuonekana kwa rangi bila ya mashine za gharama kubwa.

Kazi kama hiyo ina mikono mingi. Yuko anayetoa wazo la kwanza. Yuko anayesoma vitabu na majarida ili ajue ni jeni ipi itakayofaa. Yuko anayechora mpango wa DNA kwa kompyuta, na mwingine anayepiga hesabu za kutabiri bakteria watatenda nini. Yuko anayesimama maabarani saa nyingi akikata na kuunganisha DNA kwa vimeng'enya, akiwatia bakteria, akiwaotesha katika visahani, akingoja usiku kucha, na asubuhi akakuta kisahani kitupu. Yuko anayekwenda kuzungumza na watu watakaokitumia chombo hicho, awaulize kama wanakihitaji. Yuko anayeomba fedha. Yuko anayeosha vyombo na kuagiza madawa. Na mwisho yuko anayesimama jukwaani mbele ya waamuzi, amevaa nguo safi, akieleza yote hayo kwa muda wa dakika chache. Watu humwona huyo wa mwisho tu.

Hoja ya wapingao

Kabla ya kuitetea haki ya kutajwa, ni wajibu wetu kuwasikiliza wanaoipinga, kwani hoja zao si dhaifu.

Wa kwanza husema kwamba kazi ya pamoja haigawanyiki. Wazo lililozaliwa katika mazungumzo ya jioni, huyu akisema hili na yule akalisahihisha, ni la nani? Aliyelitamka mara ya kwanza huenda alilitamka vibaya, na aliyelikosoa ndiye aliyelipa uhai. Kuligawa wazo hilo kwa majina ni sawa na kutaka kuyatenganisha maji ya mito miwili baada ya kukutana.

Wa pili hukumbuka desturi zetu. Katika kazi ya ujima wanakijiji hulima shamba la mwenzao, na hapana anayeandika daftarini kwamba fulani alilima matuta mangapi. Huko Rwanda watu hukusanyika siku ya umuganda, wakatengeneza barabara na kuchimba mifereji, wala haiwekwi bango lenye jina la kila aliyeshika jembe. Husema basi: kwa nini vijana wa maabara wafundishwe kuhesabiana, ilhali wazee wetu walifundishana kusaidiana?

Wa tatu huogopa athari ya sifa katika moyo wa mtu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Vijana wakijua kwamba kila kazi itaandikiwa jina, wataikimbilia kazi yenye kung'aa na kuiacha ile ya kuosha vyombo.

Hoja hizi tumezipima, nasi twakiri kwamba ndani yake mna ukweli. Hata hivyo twaona kwamba hazitoshi.

Tofauti kati ya barabara na jina

Tuanze na ile ya ujima, kwa kuwa ndiyo inayotugusa zaidi. Katika kazi ya ujima kuna mambo mawili ambayo katika kazi ya maabara hayapo. La kwanza ni kwamba tunda la kazi lawafaa wote waliolitolea jasho. Barabara ikisha tengenezwa, aliyechimba kwa bidii na aliyechimba kwa uvivu wote huipita. Na shamba likisha limwa, mwenye shamba naye kesho atakwenda kulima la jirani. Lakini tunda la kazi ya elimu, pamoja na kile chombo kilichoundwa, ni jina. Nalo jina halipitwi na wote kama barabara. Likiandikwa la mmoja, mlango humfungukia yeye. Wenzake hubaki nje.

La pili ni ushahidi. Katika ujima kijiji kizima ndicho shahidi. Kila mtu alimwona mwenzake, na hapana haja ya kuandika lile lililoonekana kwa macho. Mvivu ajulikana, na mwenye bidii ajulikana, ingawa hakuna daftari. Lakini msomaji wa taarifa ya kitaalamu yu mbali. Pengine yu nchi nyingine, pengine atazaliwa miaka hamsini ijayo. Yeye hakumwona mtu yeyote akifanya kazi. Kwake yeye maandishi ndiyo kijiji, na asiyeandikwa hakuwako. Hivyo kutaja majina katika taarifa si kuivunja desturi ya ujima. Ni kuuweka ushahidi ambao katika ujima ulikuwapo bila ya kuandikwa.

Historia ya elimu yatuonyesha madhara ya kuukosa ushahidi huo. Mwaka 1943, katika chuo cha Rutgers huko Marekani, mwanafunzi mmoja aitwaye Albert Schatz, akifanya kazi katika maabara ya mwalimu wake Selman Waksman, alipata kutoka kwa vijidudu vya udongoni ile dawa ya streptomisini, iliyokuja kuwa dawa ya kwanza yenye nguvu juu ya kifua kikuu. Taarifa ya kwanza ya mwaka 1944 ilikuwa na majina matatu: Schatz, Elizabeth Bugie, na Waksman. Lakini kadiri dawa ilivyozidi kusifika, ndivyo jina la mwalimu lilivyozidi kukua na la mwanafunzi lilivyozidi kufifia. Mwaka 1950 Schatz alimshitaki mwalimu wake mahakamani; shauri likamalizika kwa mapatano yaliyomtambua Schatz kuwa mgunduzi pamoja na Waksman, naye akapewa sehemu ya malipo ya dawa hiyo. Na bado mwaka 1952 Tuzo ya Nobel ilitolewa kwa Waksman peke yake. Chuo cha Rutgers kilimtunuku Schatz nishani yake mwaka 1994, alipokuwa mzee wa zaidi ya miaka sabini.

Hatusemi kwamba Waksman hakuwa na haki yake. Maabara ilikuwa yake, na njia ya kuwatafuta vijidudu vya udongoni aliianzisha yeye. Tunachosema ni kwamba pale ambapo mipaka ya kazi haikuandikwa mapema, mwenye nguvu ndiye aichoraye baadaye. Na usuluhishi uletwao na mahakama huweza kurudisha fedha, lakini haurudishi urafiki wa mwalimu na mwanafunzi.

Kutaja si kupima

Hapa twafika kwenye kiini cha neno letu. Wapingao na watetezi aghalabu huchanganya mambo mawili yaliyo mbalimbali: kutaja na kupima. Kutaja ni kusema nani alitenda nini. Kupima ni kusema kazi ya nani ilikuwa kubwa kuliko ya nani. Kutaja ni jambo la ukweli, na mashahidi wakiwa waaminifu huweza kukubaliana. Kupima ni jambo la hukumu, nalo ndilo lizuslo ugomvi.

Maji ya mito miwili, ni kweli, hayatenganishwi. Lakini aliyesema kwamba mto huu ulikuja kutoka milima ya mashariki na ule ukatoka mashariki zaidi, hakuyatenganisha maji. Amesema tu habari ya chanzo chake. Vilevile timu yaweza kusema: wazo hili lilizaliwa katika mazungumzo ya watu watatu, nao ni hawa. Wala haiwalazimu kusema nani kati ya watatu alikuwa na thuluthi kubwa.

Ndiyo maana kuorodhesha majina peke yake hakutoshi pia. Mwaka 2015 jarida moja la fizikia lilichapa taarifa juu ya uzito wa chembe ya Higgs yenye waandishi 5,154. Kurasa zake zilikuwa 33, na 24 kati ya hizo zilijaa majina na anwani za vyuo. Hapana aliyeachwa, lakini msomaji hawezi kujua ni nani alitengeneza chombo, nani alipiga hesabu, na nani aliandika. Jina bila ya tendo ni kama kaburi lenye jina na lisilo na habari. Kwa sababu hiyo, mwaka 2014 ilitolewa orodha ya majukumu 14 ambayo majarida mengi huitumia sasa: kubuni wazo, kufanya uchunguzi, kutunza takwimu, kuandika programu za kompyuta, kutafuta fedha, kusimamia, kuandika rasimu ya kwanza, na kadhalika. Kila jina huambatishwa na tendo lake.

Nayo iGEM imeweka kanuni yake, ambayo kwetu sisi ndiyo yenye hekima zaidi. Kila timu itakayo hata nishani ya shaba hutakiwa kueleza waziwazi kazi ipi ilitendwa na wanafunzi wenyewe, na kazi ipi ilitendwa na wengine: walimu, washauri, wasaidizi wa maabara, wafadhili, au timu nyinginezo. Tazama jinsi kanuni hiyo ilivyogeuza swali. Haimwulizi kijana kwanza, «Wewe wastahili sifa gani?» Humwuliza, «Ni kitu gani hapa si chako?» Anayeulizwa hivyo hafunzwi majivuno, hufunzwa kulipa deni. Basi ile hofu ya mgema na tembo lake hupungua, kwani sifa inayotolewa na mtu kwa mwenzake hailewi kama ile anayojimiminia mwenyewe.

Waliokosa matokeo na waliofanya kazi ndogo

Limebaki jambo moja gumu. Tuseme katika timu kuna kijana aliyerudia jaribio lilelile kwa majuma sita na asipate kitu. Kisha katika juma la mwisho mwenzake akajaribu njia nyingine na kufaulu kwa siku mbili. Taarifa ya mwisho itasimulia njia iliyofaulu. Je, yule wa majuma sita alifanya nini?

Twajibu kwamba alifunga mlango wa uongo. Laiti asingeufunga yeye, mwenzake angeupitia na kupoteza majuma yaleyale. Katika elimu ya maumbile, kujua kwamba njia fulani haifiki ni elimu kamili. Kumwacha mtu huyo bila ya kutajwa ni dhuluma kwake, na zaidi ni dhuluma kwa timu ya mwaka ujao, ambayo kwa kutojua itauvunja tena mlango uleule. Hapa haki ya mtu na manufaa ya elimu hutembea pamoja.

Vivyo hivyo kwa kazi tuziitazo ndogo. Wasemao kwamba vijana watakimbia kuosha vyombo kwa kuwa hakuna sifa ndani yake, wanasahau kwamba hakuna sifa kwa sababu sisi wenyewe hatukuiandika. Chombo kichafu huharibu jaribio kama ilivyo hesabu mbaya. Wahenga walisema usisahau ubaharia kwa unahodha. Na merikebu ya elimu imejaa manahodha wasiokumbuka nani aliyefuta maji chini.

Hata hivyo twakubali kwamba kuna vitu ambavyo hakuna orodha itakayovinasa. Yuko katika kila timu mtu ambaye alipoingia, wengine waliacha kugombana. Yuko aliyepika chai usiku ule wa mwisho. Jambo hilo halina jukumu lake katika yale 14, na pengine ni vema lisiwe nalo, kwa kuwa ukarimu ukiandikiwa hesabu hugeuka biashara. Haki ina mpaka wake. Baada ya mpaka huo huanza shukrani, nayo hutolewa kwa mdomo na kwa moyo.

Sisi walimu wa lugha

Msomaji ataweza kuuliza, haya yote yatuhusu nini sisi tufundishao sarufi na ushairi? Yatuhusu sana. Fani yetu nayo imejengwa kwa jasho la wengi. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalitufikia kupitia mkusanyo wa padri Mwingereza W. E. Taylor, na mwaka 1940 yakatolewa kitabuni na William Hichens. Katika kuyakusanya, Taylor alisaidiwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mtu wa Mombasa aliyekuwa mshairi yeye mwenyewe. Jina lake twalijua, lakini msomaji wa kawaida wa diwani hiyo hawezi kutambua ni maelezo yapi yaliyotoka kinywani mwa Sikujua na yapi yaliyotoka kwa wengine. Tena ni wanafunzi wangapi wa fasihi wanaoweza kulitaja jina la Taylor bila ya kusita, na la Sikujua hawajapata kulisikia?

Nasi madarasani hutenda yayo hayo. Huwapa wanafunzi kazi ya kikundi: wakusanye methali kwa wazee, watunge mchezo wa kuigiza, wafasiri hadithi. Mwisho twatoa alama moja kwa wote, na kumsifu yule aliyesimama mbele kusoma. Binti aliyekwenda kwa bibi yake kuandika methali arobaini hukaa nyuma kimya. Na bibi je? Jina lake halikuandikwa popote, ingawa ndiye chemchemi ya yote.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu, mepesi kuyatenda. Kwanza, kikundi kikianza kazi, kipatane mapema namna kitakavyotaja majina, kabla ya matunda kuonekana. Kwani mgao upangwao kabla ya mavuno hauleti vita. Pili, iwepo daftari ya kazi, iandikwe siku ileile, na ndani yake yaandikwe pia majaribio yaliyoshindwa. Tatu, taarifa itakapoandikwa, kila mmoja aandike kwanza alichotendewa na wenzake na watu wa nje, ndipo aandike alichotenda yeye. Na mwalimu aanze mwenyewe: kama alisahihisha ubeti mzima wa shairi la mwanafunzi, na aseme, kama wazo la makala yake lilitoka kwa mwanafunzi, na aseme pia.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kijana aliyezoea kusema «hili si langu, ni la fulani» akiwa na miaka kumi na minane, yamkini atalisema hata atakapokuwa mkuu wa maabara, mhariri, au waziri; na walio chini yake hawatahitaji kwenda mahakamani ili wajulikane kuwa walikuwapo.